Debe la Oili Nyuma ya Viatu vya Kanisa

Pikipiki ya baba ilianza kukataa mlima mapema mwaka huo. Nilizipata habari kwa mama kupitia simu, nikiwa kwenye shule ninayofundisha Muthara, huko Meru, nasahihisha madaftari. "Leo tena nimeshushwa hapo kwa mto," alikuwa akiniambia. Injini ilinguruma vizuri, ila mzigo ukizidi haisongi, na mzigo ni mama. Basi yeye anashuka, baba anatangulia na pikipiki tupu, na wanawake wa kanisa wanampita mama wakimuuliza kama hiyo ni ya kubeba watu au ya kusindikizwa.

Mama alipochoka akatafuta mnunuzi wa pikipiki. Angekuja Jumamosi saa tisa. Baba hakubishana, na hilo ndilo lililonitia wasiwasi. Pikipiki ndiyo humpeleka shambani na kwa marafiki zake. Bila hiyo angebaki uani akitazama kuku, na mimi namjua, angezeeka kwa mwezi mmoja.

Wiki hiyo shule zilipofungwa nikashuka Embu, nikiwa nimeamua kwamba ni klachi inayoteleza, nikanunua pleti zake mpya mjini, nikafika nyumbani nikijiona fundi kamili. Yalikuwa majivuno, lakini yalikuwa na msingi. Baba ndiye aliyenifundisha kushika spana kabla sijajua kusonga ugali. Nimepewa jina la mama yake mzazi, kwa hiyo huniita mama, na nani atamnyima mama yake spana?

Ijumaa nililegeza kidogo kebo ya klachi. Wapi, bado iliteleza. Jumamosi baada ya chai tukailaza pikipiki kwa ubavu wa kushoto juu ya gunia, kama baba afanyavyo siku zote, ili oili ikimbilie upande huo na isimwagike hata tone ukifungua kifuniko. Nikatoa bolti, nikatoa springi, nikachomoa pleti za zamani.

Zilikuwa nzima. Hazikuungua, hazikukonda.

"Sasa ilikuwa inateleza kwa nini?" nikauliza. Baba akatazama kuku.

Nikaamua kuweka mpya hata hivyo. Pleti mpya hulowekwa kwanza kwenye oili, ukiziweka kavu zinaungua. "Baba, niletee oili kidogo."

"Imeisha," akasema, haraka mno.

"Imeisha aje?" mama akadakia kutoka jikoni. "Na ile debe umeficha kwa kabati, nyuma ya viatu vya kanisa?" Akalileta mwenyewe.

Nililitambua kabla hajanifikia. Lilikuwa debe la lita nne, zawadi niliyomletea baba Krismasi. Nililinunua karibu na soko la Gakoromone, Meru mjini, kwenye duka la madereva wa pikapu za miraa, na mwenye duka aliapa kwamba hakuna oili bora kuliko hiyo. Kwa gari, sawa. Klachi ya gari hukaa kavu. Ya pikipiki huogelea ndani ya oili ya injini, na oili ile ya gari ilikuwa na utelezi kiasi kwamba mzigo ukizidi pleti hazishikani. Hata anayeanza ufundi leo analijua hilo.

Nikatikisa debe. Pikipiki hunywa lita moja tu, na humo ilibaki kama hiyo moja.

"Baba, ulijua?"

"Nilijua ile siku ya kwanza."

"Na ukaendelea kuweka?"

"Nilitaka iishe kwanza. Imebaki mara moja tu."

Mama akaweka mikono kiunoni. "Yaani mimi nimepanda hiyo mlima na miguu hii miezi yote, nangojea debe iishe?"

Baba akanigeukia mimi, akasema kwa sauti ya chini. "Ulitoka nayo Meru umeipakata kwa mapaja, mama. Sasa ningekuambia nini?"

Niliona aibu, nikacheka, kisha nikainama kwenye springi ili wasinione machozi. Tuliimwaga oili yote iliyokuwa kwenye injini, tukaosha kila kitu kwa petroli, nikaweka pleti mpya na oili ya pikipiki kutoka duka la barabarani. Saa nane kifuniko kilikuwa kimefungwa.

Mnunuzi alifika saa tisa kamili, akanikuta peke yangu uani na debe langu. Akauliza pikipiki iko wapi. Nikamwonyesha ng'ambo ya mto. Baba alikuwa anapanda mlima polepole, na mama nyuma yake, hajashuka, akimgombeza sikioni mpaka juu.