Cheti cha Tatu cha Esteria

Alhamisi, tarehe 13 Februari 2025. Mvua ilianza alfajiri ikakatika saa tatu, kisha ukungu ukatulia juu ya migomba ya Kumsenga kama usiojua pa kwenda.

Esteria aliingia ukumbi wa kata akiwa na matope hadi kwenye vifundo vya miguu. Alikuwa na miaka hamsini na mitatu, na sehemu kubwa ya hiyo alikuwa mhudumu wa afya wa kitongoji chao: ndiye aliyebishiwa hodi mtoto akichemka, ndiye aliyewasindikiza wajawazito zahanati. Kazi hiyo hakuisomea popote. Sasa shirika lililowalipa posho, lenye ofisi Kasulu, lilitaka kila mhudumu awe na vyeti vitatu vya kozi fupi. Cha malaria na cha lishe alishavipata kwa simu, akisoma kidogo kidogo kila jioni, akikwama anamwita binti yake Asnath amfafanulie. Kilibaki cha huduma ya kwanza, na mtihani wake ni wa vitendo.

Kitongoji kilikuwa na nafasi moja ya mhudumu wa kulipwa. Walioitaka walikuwa wawili: yeye, na Raymond, mume wa Asnath.

Mkufunzi, Hilali, kijana aliyeletwa kutoka Tanga, alitandika mkeka.

"Mama Esteria, zamu yako ya kuonyesha kukandamiza kifua. Nani atakuwa mgonjwa?"

Kabla mtu hajainuka, Raymond alikwishavua viatu na kulala chali.

Watu wakaguna. Kila Muha mle ndani alijua kwamba mama mkwe hamgusi mkwewe. Tangu Raymond amwoe Asnath, Esteria hakuwahi hata kukaa naye mkeka mmoja. Walisalimiana kwa mbali, macho chini.

"Mwalimu," alisema taratibu, "nipe mwingine. Hata mzee Laurent pale."

"Mgonjwa ameshapatikana."

"Huyu ni mkwe wangu."

"Mgonjwa hana ukwe, mama. Akizimia barabarani utamwambia asubiri?"

Zuleha, muuza maandazi, akadakia kutoka nyuma, "Mwache afe, tutakula harusi nyingine!"

Ukumbi ukaangua kicheko. Waliocheka zaidi ni wale ambao na wao wasingethubutu.

Raymond akafumbua jicho moja. "Njoo, mabukwe. Mwenzio nakufa."

Esteria alipiga magoti. Alipandanisha viganja kama simu ilivyomfundisha, akavishusha mpaka karibu na shati. Aliona kifungo kikipanda na kushuka kwa pumzi za yule mwanaume. Mikono ikakataa. Akairudisha mapajani.

"Hajaweza," Hilali alisema, akibonyeza kishikwambi chake.

"Ninaweza, mwanangu. Kwa mtu mwingine yeyote ninaweza."

"Humu kuna ameweza na hajaweza. Hicho unachosema hakimo."

Zamu ya Raymond ilipofika, alimwomba mzee Laurent alale. Hakuna aliyemkatalia, na kishikwambi kikaandika ameweza.

Alasiri Asnath alikuja kwa mama yake, akasimama mlangoni bila kuketi.

"Amesema hakufanya kwa ubaya, mama."

"Nani alimwambia kwamba nitashindwa pale?"

Asnath akakwangua matope ukutani kwa ukucha. "Na mimi nina watoto, mama."

Esteria aliendelea kuchambua maharage ya mbegu. Hakumkaribisha, wala hakumfukuza.

Asubuhi iliyofuata Immakulata, mke wa jirani, alikuja mbio na mtoto mgongoni.

"Mwakeye, mama," alisalimia. "Huyu anachemka tangu jana, leo hanyonyi."

Esteria hakunyoosha mkono kumgusa paji.

"Mhudumu ni Raymond."

"Raymond ameondoka na gari la kwanza. Amekwenda Kasulu kusaini mkataba."

"Basi msubiri arudi."

Akafunga mlango kwa kufuli, akabeba jembe begani na kapu la mbegu mkononi, akampita Immakulata uani, akateremka shambani kupanda maharage.