Sailensa ya Bwana Nyama

Enzi zetu sisi tuliokwenda shule na kidumu cha maji mkono huu na fagio la chelewa mkono ule, kila mtoto alikuwa na kazi yake nyumbani, na kazi hiyo ilimganda kama jina. Kaka yangu alikuwa wa kuni. Dada alikuwa wa kisima. Mimi, Somoe, nilikuwa wa sailensa.

Juzi niliwasimulia vijana kwenye mgahawa mmoja hapa Guangzhou, China, barabara ya Huanshi Zhonglu. Mmoja wao, mwanafunzi wa udaktari, aliacha wali wake akauliza, "Aunty, sailensa ya pikipiki?" Nikamwambia, ya bunduki, mwanangu. Meza nzima ikanigeukia. Walinitazama kama mtu aliyetoka sinema.

Baba yangu alikuwa Bwana Nyama, ndivyo kijiji kizima, kule Tunduru, kilivyomwita. Alikuwa askari wa wanyamapori: aliwalinda watu wasiliwe mashamba yao na wanyama, na wanyama wasimalizwe na watu. Bunduki ilikuwa ya serikali. Sailensa aliachiwa na mtafiti mmoja Mzungu aliyekaa kwetu misimu miwili akifuatilia tembo, na ofisi ikairuhusu kwa barua yenye mhuri. Bunduki yenyewe hatukuigusa. Baba aliitunza kwa mkono wake, na risasi alizifungia mahali pengine. Lakini lile bomba jeusi, refu kama toka kiwiko changu hadi ncha za vidole, likishafunguliwa mtutuni ni chuma tu. Chuma hicho kilikuwa changu.

"Haizibi sauti hii," Baba alipenda kusema. "Inaipunguza ukali. Ng'ombe wa watu wasikate kamba, na mimi nizeeke na masikio yangu."

Akirudi porini, jambo la kwanza alilifungua bomba kutoka mdomoni mwa mtutu, kwa sababu likiachwa pale na masizi na unyevu wake, kutu inaanza kuula mtutu bila mtu kujua. Nililisubiri lipoe. Kisha naliketisha wima juu ya gunia, naligongagonga taratibu kwa mpini wa mwiko, na masizi meusi yanamwagika kama unga wa mkaa. Ndani mlikuwa na visahani vya chuma vilivyopangwa kimoja baada ya kingine, kila kimoja na tundu katikati. Navitoa, navilaza kwenye bakuli la mafuta ya taa, navisugua kwa mswaki uliochoka. Harufu ile! Mpaka leo nikipita mahali penye mafuta ya taa natamani kukunja mikono ya nguo. Halafu kitambaa kikavu, jua la asubuhi, tone moja la mafuta kwenye hesi za kufungia, si mawili. Mwisho kabisa nalielekeza bomba kwenye mwanga na kuchungulia. Nikiona tundu limekaa duara kama mwezi mpevu, kazi imekwisha, nakwenda kucheza rede.

Na rede ndiyo iliyoniponza.

Msimu mmoja wa mahindi mabichi Baba alilala na malaria siku nyingi. Bomba nilikuwa nimelisafisha, nikaliweka dirishani likauke, na nilitakiwa kuziba pande zote mbili kwa matambara kabla ya kulirudisha kwenye mfuko wake. Wenzangu wakaniita uwanjani. Mpira wa soksi ulikuwa mpya, umeshindiliwa vizuri. Nikakimbia. Matambara nikayasahau siku hiyo, na kesho yake, na wiki nzima.

Asubuhi moja wanaume wakaja mbio uani kwetu. Mbogo aliyejeruhiwa na mtego alikuwa kwenye mihogo karibu na mto, na alikwishampiga jirani yetu pembe ya paja. Baba alikuwa ndio kwanza anasimama kitandani. Akavaa, akachukua bunduki, akalitwaa bomba dirishani na kuanza kulifunga mtutuni.

Nilisimama mlangoni. Nikisema, watu wote watajua uzembe wangu. Nikanyamaza mpaka alipofika kwenye kizingiti. Hapo mdomo ukafunguka wenyewe.

"Baba, sailensa usiende nayo! Sijaikagua!"

Mwanamume mmoja akafoka, "We mtoto, mtu anakufa huko, unatuletea michezo?"

Baba aliniangalia mimi. Akalifungua bomba, akalielekeza kwenye anga, akachungulia. Kisha akampa yule bwana naye achungulie. Hapakuwa na mwezi. Kulikuwa na giza tupu: nyigu wa udongo alikuwa amejenga nyumba yake ndani, ngumu kama tofali.

Yule bwana akashusha pumzi. "Risasi ingegonga hapa..."

"Bomba lingepasuka, karibu na uso wangu," Baba alimalizia. Akaliweka mikononi mwangu, akaondoka na bunduki bila sailensa.

Mlio wa siku ile ulifika mpaka shuleni. Mbogo alianguka, jirani akabebwa kwa machela hadi zahanati, akapona na mkongojo wa kutembelea. Baba alirudi adhuhuri, sikio moja linavuma, akaketi barazani na kuniita. Mama alikuwa tayari ameshika fimbo ya mpera. Baba akamwonyesha kwa mkono aiweke chini.

"Somoe, uzembe wako nimeuona," alisema. "Na ulimi wako pia nimeuona. Watu wazima wengi wangenyamaza."

Nilitumia siku mbili kuutoa ule udongo, nikiulowesha na kuuchokonoa kwa kijiti cha mianzi ili nisikwaruze chuma. Rede niliisikia kwa mbali.

Miaka ilipita. Baba alipostaafu nilimsindikiza wilayani kukabidhi vifaa. Afisa aliyepokea alilifungua bomba, akapitisha kitambaa cheupe ndani, kikatoka cheupe. Akauliza, "Mzee, fundi wako nani?" Baba akaninyooshea kidole mbele ya ofisi nzima. "Binti yangu huyu." Nimeshasifiwa mara nyingi maishani, lakini siku hiyo nilirudi nyumbani siioni barabara.

Leo kazi yangu ni kukagua bidhaa za wafanyabiashara wa Dar na Zanzibar kabla hazijafungwa kwenye kontena. Ofisi yangu ni chumba kidogo ndani ya jengo la Tianxiu Dasha. Laoban, yaani mabosi, wa viwandani wananijua. Wakisema "mei wenti," hakuna tatizo, mimi natoa bisibisi. Jenereta naifungua, pampu naifungua, na wateja wangu hulala usingizi.

Vijana wetu nawapenda, wana akili kuliko sisi. Lakini wanaifungua simu mara mia kwa siku, na hawajui ndani yake kuna nini. Kikiharibika kitu hawaulizi kwa nini. Wanauliza kinafika saa ngapi kingine.

Wiki iliyopita feni ya binti yangu ilianza kukoroma. Akaniambia, "Mama, agiza nyingine, inafika kabla ya chakula cha mchana." Na kweli ingefika. Nikasema hapana, leo utajifunza. Tukaketi sakafuni mimi na yeye, nikaigeuza feni huku na huku, nikitafuta parafujo. Hazikuwapo. Yote ilikuwa imebandikwa gundi kiwandani. Binti yangu alinisubiri na bisibisi mkononi, na mimi sikuwa na cha kumwonyesha.

Enzi zetu vitu vilikuwa vichache, lakini vilikubali kufunguliwa.