Mvua ya Chupa

Waceke alikuwa mhasibu wa ofisi moja Westlands, Nairobi, mtu na heshima zake, lakini sebuleni kwake Kilimani alifuga vyura. Ndiyo, vyura! Watatu, wale wadogo wa kijani wanaokaa mitini, ndani ya tangi la kioo lenye matawi. Majirani walinong'ona kwamba amerogwa. Mama yake hakuambiwa kabisa.

Kila jioni alichukua chupa ya kupulizia, yenye maji aliyoyalaza wazi ili dawa ya mfereji iishe, akawanyunyizia. Majani yakilowa tu, dume anavimbisha koo na kuanza: kre, kre, kre. Hapo uchovu wote wa mahesabu ulimtoka Waceke.

Mwaka ule wa 2009 ukame ulitia watu adabu. Mama yake Waceke, Muthoni, mkulima wa kule Kikuyu, alibakiwa na debe moja la mbegu za maharagwe. Akizipanda kabla ya wakati, basi, hana nyingine. Jioni moja akampigia Waceke simu, akamkuta ananyunyiza.

"Ebu ngoja," Mama akasema. "Hao si vyura wa mitini wanalia huko kwako?"

"Ndio hao, Mama."

"Asante Mungu!" Simu ikakatwa, hata kwaheri hakuna.

Waceke akacheka tu. Aliyelelewa bweni atayajua wapi ya shambani? Kwa wakulima wa kwao, chura wa mtini akilia, mvua i mlangoni na jembe halilali. Asubuhi Mama akapanda mbegu zote. Jua likawaka. Likaendelea kuwaka.

Baada ya wiki Mama akapiga tena, sauti imemkauka. "Vyura wa Nairobi ni waongo kama watu wake. Nimepanda zote, Waceke. Zote!"

Waceke alishikwa na aibu na huruma pamoja. Akasema ukweli: anawafuga ndani ya kioo, na huwalowesha kwa chupa ndipo walie.

Mama akauliza polepole, "Kwa hivyo mvua ni wewe?"

"Ni mimi, Mama. Pole sana."

"Basi Jumamosi uje unyeshe huku."

Jumamosi ilimkuta Waceke shambani, mgongo unamuuma, akibeba mitungi kutoka kisima cha kanisa na kumwagilia mstari kwa mstari. Mama alimfuata nyuma, leso kiunoni, akimwonyesha kwa kidole.

"Rudi, mami. Hapa hujanyesha."