Kitabu cha Ng'ombe kwenye Rafu ya Watoto

Kosa nililifanya mimi, simsukumii mtu. Nilikiona kitabu kina ng'ombe mzuri kwenye jalada, na ndama pembeni yake, nikakipanga rafu ya watoto. Kumbe ni cha madaktari wa mifugo, na ndani mna picha za ng'ombe anazalishwa, mkono wa daktari umezama mpaka begani. Mama mmoja akamnunulia bintiye. Kesho yake asubuhi akaja kukibwaga mezani.

"Nani alikiweka hiki kwa watoto?"

"Mimi," nikasema.

Duka letu linauza vitabu vilivyokwisha kusomwa, watu wanatuletea bure kwa maboksi. Na linaajiri wale waliofungiwa mlango kwingine: waliotoka jela, wasioona vizuri, wajane kama mimi ambao umri umeenda na darasani walikaa miaka miwili tu. Kazi yangu ilikuwa meza ya kuchambua. Cha kuuza huku, cha kukarabati huku, cha kusagwa kule. Kitabu kilicholowa nakijua kwa pua kabla sijakifungua. Kurasa zikipungua, kidole gumba kinaniambia. Miaka sita nimesimama pale.

Msimamizi, umri wa kitinda mimba wangu, akaniita pembeni.

"Bibi, naona uhamie kufunga vifurushi. Utakaa, upumzishe miguu."

"Miguu imekuja kukulalamikia?"

"Bibi, anayechambua lazima asome."

"Basi nitasoma. Nipe miezi mitatu."

Akacheka kidogo, akaona mimi sicheki. "Haya, mitatu. Lakini kwa sasa, vifurushi."

Nikaenda kwenye vifurushi nimenuna.

Sasa nani anifundishe? Wajukuu wangenicheka, na sikutaka mtu anisikie nikikokota herufi kama mtoto. Nikamchagua Gundi. Gundi ni mama wa makamo anayeunga vitabu vilivyochanika, ndiyo maana tukampa jina hilo, na hasikii tangu utotoni. Nikajiambia, huyu hatajua nikikosea.

Nilijidanganya. Gundi anasoma midomo. Kila nikikosea anapiga meza kwa rula, pa! Duka zima linageuka. Saa ya kula tunakaa kwenye kona yake. Anaonyesha silabi, natamka, pa!

"Wewe mwanamke una roho ya askari," nikamwambia siku moja.

Akachukua karatasi, akaandika, akanisogezea. Nikaishika silabi kwa silabi, chai ikapoa. Aliandika: NA WEWE UNA KICHWA CHA JIWE. Nikacheka mpaka machozi, maana nilikuwa nimeisoma yote.

Miezi mitatu ilipotimia sikungoja kuitwa, nilimfuata msimamizi mwenyewe. Akaweka boksi mezani, vitabu ishirini. Wenzangu wakasogea. Nikawa nasoma, napanga. Cha mapishi. Cha hesabu. Cha dini. Mwendo wa konokono, lakini wa kwenda mbele. Cha kumi na saba kilikuwa na maua kwenye jalada na neno refu ambalo sijawahi kukutana nalo.

"Kisia tu, bibi," msimamizi akasema. "Kimoja naweza kukusamehe."

"Hata yule ng'ombe nilikisia," nikamjibu.

Nikakifungua, nikaufuata mstari wa kwanza kwa kidole. Kisha wa pili. Watu wakachoka, wengine wakarudi kazini. Gundi alibaki palepale, rula kaikumbatia. Mstari wa nne ndio ulionifungukia: mwanamke anaeleza alivyoishi na mumewe hadi akamzika. Maua yale yalikuwa ya kaburini. Nikakiweka na vitabu vya maisha ya watu, wala si vya bustani.

Msimamizi akatazama saa. "Dakika kumi na moja kwa kitabu kimoja, bibi."

"Na kiko mahali pake."

Akakuna kichwa. Akasema kuanzia kesho nirudi mezani, ila nichambue nusu ya maboksi mpaka nipate kasi. Nikamwambia hiyo nusu naikubali mwezi mmoja, si zaidi. Kisha nikavuta cha kumi na nane, maana vilikuwa vimebaki vitatu.