Kanda ya Shemeji Ilivyokwenda Kulinda Uwele

Binti yangu wa mwisho, yule wa kazi za ofisini, alirudi siku moja na kompyuta ya mitumba. Ilikuwa miaka ile ya soko huria, vitu vilivyochoka Ulaya vinashushwa kwa makontena, na hapa kwetu Area D, Dodoma, kila nyumba ilikuwa na kitu kimoja kilichowahi kuwa cha Mzungu. Nikadhani anataka kujifunza kupiga chapa.

"Hii si ya kuandikia, Mama. Hii naifanya seva."

"Seva ndiyo nini?"

"Ni kihenge, kama lile ghala lako la uwele. Tunamwaga humo kanda zote, nyimbo, harusi, mahubiri. Ukiwa sebuleni unachota, ukiwa chumbani kwako unachota."

"Na tukichota wote wawili wimbo uleule?"

"Haupungui."

"Basi si kihenge. Changu kinapungua hata nikikiangalia."

Akacheka, akakifungua kile chombo kwa bisibisi, akatia diski nyingine kubwa kuliko iliyokuja nayo. Akatoboa ukuta juu ya mlango, akapitisha waya mmoja hadi kwenye televisheni, mwingine hadi kwenye spika mbili za chumbani kwangu. Mashine akaiweka pembeni mwa kabati la vyombo, karibu na deki ya video na redio kaseti, akaanza kuingiza. Kazi hiyo haina njia ya mkato. Kanda ya saa moja inaingia kwa saa moja, nanyi mmekaa mnaisikiliza.

Mashine ilikuwa inazipa kanda namba tu, moja, mbili, tatu, kama wafungwa. Majina ilibidi niyatoe mimi. Shule niliishia darasa la pili, lakini majina sikuyajifunzia shuleni. Binti akiweka kanda ya kwaya ya mwaka wa njaa, mtu akakohoa katikati ya wimbo, namtaja aliyekohoa, namtaja na baba yake. Kwenye mikanda ya harusi nilimtajia hadi waliopita nyuma wamebeba masufuria. Hapa siyaandiki majina hayo. Wenyewe wengi wako hai, na wana wajukuu wanaojua kusoma.

Habari ikamfikia shemeji yangu huko Kongwa, mdogo wake marehemu mume wangu. Macho yake yalikuwa yameanza kufunga. Picha ya kaka yake ukutani aliiona kama doa. Alichobaki nacho kilikuwa kanda moja. Mume wangu hakuwa mtu wa kalamu, kwa hiyo zamani, mdogo wake alipokuwa anachunga kwenye ranchi, alimtumia barua ya sauti. Unakaa mbele ya redio kaseti, unabonyeza, unazungumza, kanda anapewa mtu wa basi. Sauti ya mume wangu haikubaki mahali pengine popote.

Shemeji alikuja nayo mfuko wa kifuani, imefungwa kwenye leso.

"Shikamoo, baba mdogo," binti akamsalimu.

"Marahaba, mwanangu. Nasikia unawafufua watu humu." Akanigeukia. "Shemeji, nakuachia kaka yangu. Nitamfuata Jumapili ya pili."

"Nimekaa naye miaka thelathini hakunipotea. Atanipotea wiki mbili?"

Ndivyo nilivyomwambia. Maneno haya nayaandika nikiwa nimeinamisha kichwa.

Baada ya siku nne binti akasema zote zimeingia, na ya baba mdogo imo. Kanda zenyewe akazitupia kwenye boksi la sabuni chini ya meza. "Hizi sasa hazina kazi, Mama."

Mtu wa Dodoma ukimwambia kitu hakina kazi, umemchokoza. Na mwezi ule uwele ulikuwa umeiva. Ndege walikuwa wanashuka kama mtu amemwaga gunia. Shamba langu liko upande wa Makutupora, na jirani zangu wa mizabibu walikwisha kunionyesha: utepe wa kanda ukivutwa mti hadi mti, upepo ukipita unalia na kumetameta, ndege anaona heri ya kwa mwenzake. Nikabeba boksi lote. Nikavuta kwaya kando ya njia, harusi nikaizungushia kichuguu, mahubiri nikayapeleka kwenye mbuyu. Iliyobaki nikaifunga upande wa mtama wa jirani. Nilikuwa nazivuta huku nazitaja moja moja. Wala sikuona vibaya. Si zimo kwenye mashine?

Na mashine niliitunza. Vumbi la kwetu mnalijua, ukisahau chai unakunywa tope. Redio inafunikwa, televisheni inafunikwa, hata birika la wageni lina nguo yake. Hicho chombo cha watu kingekaaje uchi? Nikakivalisha kitambaa cha kufuma, kile cha maua ya njano. Vumbi lilipozidi nikaongeza cha pili. Nyuma kulikuwa na vitundu vingi vinavyopuliza upepo, nikaona hapo ndipo vumbi litakapoingilia, nikapaziba kwa kanga na kupabana vizuri na ukuta.

Jumamosi, siku moja kabla ya shemeji kuja, spika za chumbani zikanyamaza katikati ya pambio. Binti akaja, akagusa mashine, akarudisha mkono kama aliyeshika sufuria.

"Mama! Nani ameivalisha hivi?"

"Vumbi, mwanangu."

"Hii inapumulia huku nyuma! Umeiziba pua!"

Akavua kitambaa, akavua cha pili, akavuta kanga. Harufu ilikuwa ya pasi iliyosahauliwa juu ya shati. Akawasha, akazima, akawasha. Diski ikagonga tak, tak, tak, kama mtu anayeomba kufunguliwa, halafu kimya.

"Diski imekufa," akasema. Kisha akajipa moyo. "Si kitu. Tutaingiza upya. Kanda ziko wapi?"

Nikatazama dari.

"Mama. Kanda ziko wapi?"

"Ziko kazini."

"Kazini wapi?"

"Makutupora. Zinafukuza ndege."

Binti yangu aliketi sakafuni na suruali yake ya ofisini. Mimi nikaanza kuiona hiyo kesho. Nilimwona shemeji ananyoosha mkono, macho hayaoni, anataka kaka yake, na mimi nampa nini? Uwele?

Alfajiri tulikuwa shambani. Tepe zote ni kahawia, zote zinang'aa, na binti akaanza kulia kwamba hatutaijua.

"Ya kwaya iko njiani," nikamwambia. "Harusi iko kwenye kichuguu. Mahubiri yako kwenye mbuyu. Baba yako yuko pale kwenye mtama."

Tukamkuta. Ila mbuzi wa jirani alifika kabla yetu. Alikuwa amesimama, mdomoni mwake unaning'inia utepe kama tambi, anatafuna bila haraka. Tulivuta upande wetu, naye akavuta wake, kipande akakimeza akitutazama. Uliosalia tukaufuta kwa upindo wa kanga, tukaurudisha kwenye ganda lake kwa kuzungusha kalamu, na palipokatika binti akaunga kwa gundi ya karatasi.

Shemeji alipofika nilimkalisha, nikamwambia kabla hajanywa maji.

"Shemeji, kaka yako nilimpeleka shamba kufukuza ndege. Mbuzi amemla kipande."

Alikitafuta kikombe cha maji kwa vidole, akanywa hadi mwisho. Nilisikia kuku wa jirani wanavyopekua.

"Alipokuwa hai," akasema hatimaye, "hakuwahi kukubali kwenda kulinda ndege. Umengoja afe ndipo umtume?"

Nikamjazia kikombe tena.

Binti alikuwa ameifunga ile diski ndogo iliyokuja na kompyuta, mashine ikakubali kuamka. Akaweka kanda kwenye redio, akategesha maikrofoni mbele yake, akabonyeza, mashine ikawa inachukua. Mume wangu akaanza. Salamu peke yake zilichukua nusu ya upande: watoto mmoja mmoja, majirani, kisha ng'ombe, kila mmoja kwa jina lake na hali ya kwato zake. Sauti ilikuwa inayumba kidogo, kama anaongea amebebwa kwenye baiskeli. Akafika kwenye, "Na sasa, mdogo wangu, sikia jambo hili..." Kisha krrr. Pengo la mbuzi. Binti akasimamisha kanda.

Shemeji hakungoja. Ile kanda alikuwa ameisikiliza miaka na miaka, anaijua kama sala. Akainua kidevu, na kwa sauti ileile ya kaka yake, na kikohozi chake, akaendelea: uza lile dume kabla halijazeeka, usikope kwa wenye maduka, paa la mama liezekwe kabla ya mvua. Pengo lilipokwisha akamwashiria binti aachie kanda, kaka mtu akadaka, wakaenda hivyo hadi mwisho, huyu akikatika yule anashika, na mashine ikachukua wote wawili.

Ila kabla ya paa la mama, shemeji alisema hivi: "Na ukija nyumbani, mlenda wa mke wangu uonje tu, usimalize."

Mume wangu alikula mlenda wangu na kuomba nyongeza hadi wiki aliyolazwa. Nikamsubiri shemeji amalize.

"Hilo la mlenda hakulisema."

"Alilisema."

"Shemeji, siku ile kitufe cha redio nilikishika mimi kwa kidole hiki!"

"Basi lete ushahidi," akasema. "Umo tumboni mwa mbuzi."

Nikamwambia binti akikate kile kipande. Akajifanya anatafuta waya. Shemeji akaomba airudishe mwanzo, na salamu zikaanza upya, ng'ombe kwa ng'ombe, yeye amefumba macho, anamwitikia kaka yake kila jina.