Imamu wa Nyumbani

Silipendi neno kupona. Wakati wa Mwingereza, miaka michache baada ya vita vya pili, garimoshi la mizigo liligonga basi alilopanda baba yangu kwenye makutano ya reli na barabara, upande wa Kikuyu, mtaa wa hapa Dodoma, akirejea kutoka mazishini Iringa. Waliokufa walizikwa. Baba aligonga kichwa kwenye chuma cha kiti, akalazwa hospitali wiki mbili, akarudi nyumbani kwa miguu yake mwenyewe, na mji mzima ukasema amepona. Mikono anayo, macho anayo, kovu lenyewe limefichwa na kofia. Watu walitaka nini zaidi?

Sisi wa ndani tuliona. Alikuwa akipeana mkono na jirani, anakwenda hatua tano, anarudi kumsalimia upya, na vijana wa mtaani kwetu Chang'ombe wakaona ni kichekesho. Mlango ukibamizwa alitetemeka mwili mzima, kisha akafoka, yeye ambaye zamani hakumfokea hata paka. Mwaka ulipita, na wa pili, na kichwa kikawa bado kinamuuma kila alasiri.

Baba alikuwa mwalimu wa chuo cha Kurani. Watoto walisoma barazani kwetu huku yeye akidarizi kofia, na mmoja akikosea herufi kule nyuma, baba alimrudisha bila kuinua macho. Msahafu wote alikuwa nao kifuani. Kila Ramadhani ndiye aliyeswalisha tarawehe msikitini, juzuu nzima kila usiku, na kwa hilo tuliheshimiwa kuliko wenye maduka. Mimi nilikaa barazani pale mpaka nilipovunja ungo, kisha nikaendelea kuhifadhi jikoni kwa kumsikiliza. Nasema bila aibu: nilihifadhi kuliko kaka zangu.

Ramadhani mbili baada ya ajali aliswalisha mtu mwingine. Ya tatu ilipokaribia, wazee wa msikiti walikuja kumuuliza kama yuko tayari. Aliwaomba wiki moja ajipime. Jioni hiyohiyo alitandika mikeka uani, akatuita mama na mimi.

"Magharibi nawaswalisha nyinyi," alisema. "Nikikosea, mnajua la kufanya."

Tulijua, maana alitufundisha mwenyewe. Imamu akikosea, mwanamume humzindua kwa sauti. Mwanamke hupiga kiganja juu ya mgongo wa mkono, basi. Mama hakuhifadhi zaidi ya sura fupi, na kaka zangu walikuwa kazini Tabora. Kwa hiyo kipimo cha baba kilikuwa mimi.

Rakaa ya kwanza ilikwenda vizuri hata nikataka kulia. Katika ya pili alifika kwenye aya inayofanana na nyingine ya sura ya mbali, akaingia huko, akaendelea kwa sauti yake ileile nzuri, asijue. Niliinua mkono. Mama, ambaye ndani ya swala hakujikuna hata akiumwa na mbu, alinishika mkono akaubana.

Tulipotoa salamu, baba aligeuka. "Vipi, mwanangu?"

Sijapata kuona mtu mzima akingoja jibu namna ile. Mama alitazama mkeka.

"Sawa, baba," nilisema. "Hukukosea."

Jikoni mama alinianza kabla sijafungua mdomo. "Unataka kummaliza? Mwache apate moyo. Msikitini wako wanaume, watamsaidia."

Wiki nzima alituswalisha, akakosea mara tatu, mara nne kila jioni, na wiki nzima nilimwambia sawa. Siku za mwisho mama hakuwa na haja ya kunishika. Hili ndilo linaloniudhi mpaka leo: nilikuwa nimeanza kuufurahia uongo wangu, kwa sababu baba alirudia kula vizuri, akawa hata anamtania mama kwamba mchuzi wake hauna chumvi.

Ya usiku wa kwanza wa tarawehe tulisimuliwa na jirani. Baba alipotea mapema. Wakamzindua, akashika, akapotea tena palepale. Alirudi mwanzo wa aya mara tano, mara sita. Kisha akanyamaza kabisa, amesimama mbele ya safu zote, mpaka mtu mmoja akamshika bega, akamrudisha nyuma taratibu na kusimama mahali pake. Wanafunzi wake walikuwa safu ya mwisho, wote wanatazama.

Alipoingia nyumbani alikaa bila kuvua viatu. Mama alimletea maji, hakuyagusa. Aliniita mimi.

"Wiki ile uani, nilikosea?"

"Ndiyo, baba."

"Ulisikia?"

"Nilisikia kila kosa."

Hakufoka. Ningeshukuru kama angefoka. "Nilikuuliza wewe kwa sababu unajua," alisema. "Ungeniambia, ningebaki hapa nikaswali na nyinyi."

Aliishi miaka kumi na mmoja zaidi. Chuo kilihamia kwa mwalimu mwingine, na baba akawa anaswali chumbani peke yake, mlango umefungwa, kwa sauti ya chini hata katika swala zinazosomwa kwa sauti. Mama na mimi tuliswali uani, kila mtu na mkeka wake, bila imamu.