Rubani Hupimwa Akiwa Ameketi

Kuna watu wenye mamlaka kwa barua, na kuna wenye mamlaka kwa sababu hakuna aliyewahi kuwauliza barua iko wapi. Fundi wa sare wa shirika moja la ndege alikuwa wa aina ya pili. Marubani walimwita Shangazi, wote, hata wale waliomzidi umri. Chumba chake cha kushonea kilikuwa kwenye ujia wanaopita marubani wakienda kwenye kikao cha kabla ya safari, na dirisha lake la kutolea nguo lilikuwa wazi tangu saa kumi na mbili asubuhi. Hakuna aliyempa kazi ya kukagua mtu. Aliianza tu, kama mtu anavyoanza kufagia mbele ya mlango wa jirani, na baada ya miaka kumi na tisa hakuna aliyekumbuka kwamba uwanja haukuwa wake.

"Kapteni, tai."

"Imefanya nini tena, Shangazi?"

"Haijafika kwenye mkanda. Imeishia kitovuni kama ya mtoto wa chekechea."

Kapteni, mtu anayekabidhiwa roho za watu mia na themanini kwa safari moja, alisimama akaifungua tai yake na kuifunga upya, huku wenzake wakiutazama ukuta kwa heshima zote.

Sheria zake hazikuandikwa popote, lakini zilijulikana kuliko zilizoandikwa. Kofia hukaa kichwani au kwapani, si kwenye mpini wa begi. Koti hufungwa vifungo mbele ya abiria. Miwani ya jua huvuliwa unapozungumza na mtu, la sivyo mtu ataongea na sura yake mwenyewe. Na mwenye sare hali njiani, hata pipi. "Abiria akikuona unatafuna huku unakimbia," alisema, "atajiuliza kama na ndege unaiendesha hivyo hivyo."

Hakuzaliwa na elimu hii. Kabla ya shirika, alishona mapazia ya hoteli, na pazia, kama alivyopenda kusema, halina kwapa. Mwezi wake wa kwanza alimpima kapteni mmoja akiwa amesimama wima kama mlingoti, maana ndivyo mafundi wote duniani wanavyopima watu. Shati lilimkaa yule bwana kama limemiminwa. Siku tatu baadaye akarudi nalo mkononi. Ndani ya chumba cha rubani, swichi nyingi ziko juu ya kichwa. Kila alipoinua mkono, shati lilipanda nalo, na alipotoka kuwaaga abiria mlangoni, tumbo lake lilikuwa limeshatangulia kuwaaga.

Kapteni hakufoka. Aliliweka shati mezani, akavuta kiti, akaketi, akainua mkono juu. Basi. Shangazi akaona.

Wiki ile ile alimwita seremala apigilie ubao chini ya dari, juu ya kiti kimoja, na kwenye ubao afunge vishikio sita vya droo. Tangu siku hiyo, hakuna rubani aliyepimwa amesimama. "Keti, mwanangu. Shika cha kushoto. Sasa cha nyuma. Nyuma zaidi, acha uvivu." Wakati rubani akihangaika na droo zisizokuwapo, yeye alikuwa nyuma yake na chaki, akiangalia mgongo unavyonyooka. Pindo la nyuma likaongezwa vidole vinne, kwapa likakatwa juu zaidi. Marubani wapya walikicheka kile kiti. Safari yao ya kwanza iliwanyamazisha.

Ndipo akaja meneja mpya wa ugavi na katalogi. Kwenye katalogi kulikuwa na sare zilizokwisha kushonwa, za saizi nne: ndogo, ya kati, kubwa, na kubwa sana. Kwa maoni ya Bwana Ugavi, hayo ndiyo maumbo yote aliyoyaumba Mungu. Alikuwa pia na mpango wa chumba: mashine za kudurufu zingekaa pale vizuri sana.

"Mama, dunia imeenda mbele," alimwambia, akiegemea dirisha kwa upole wa mtu aliyekwisha kuamua. "Siku hizi nguo zinakuja zimeshashonwa."

"Na watu je, wanakuja wameshakatwa?"

"Ijumaa rubani mkuu ataangalia sampuli. Akikubali, mwisho wa mwezi tunafunga chumba. Lakini hatutakutupa. Kule kwenye mizigo wanahitaji mtu wa kubandika vibandiko."

"Vibandiko," alirudia Shangazi, kama mtu anayeonja dawa ya mwenzake.

Nyumbani habari hiyo iliitishiwa baraza. Wifi yake, naye fundi cherehani, alikuwa na mkakati mfupi. "Ziponde sare zao zote. Sema koti bovu, shati bovu, vifungo vibovu, mpaka karatasi waliyofungia mbovu."

Mumewe, mwalimu mstaafu wa hesabu, aliunga mkono. "Anayezama haulizi kamba imesokotwa na nani, mke wangu. Shika lolote."

"Kwanza nilione koti," alisema Shangazi.

"Ulione la nini? Wewe liseme!"

"Wifi, nikilisema zuri jambo baya, au baya jambo zuri, Jumamosi nitamwambia nani afunge tai?"

Ijumaa walikutana ofisini kwa rubani mkuu. Shangazi alimfahamu tangu alipokuwa rubani msaidizi, na mistari mitatu tu mkononi. Alijua historia ya kiuno chake kuliko mkewe, na hakuwahi kuitoa nje. Bwana Ugavi alikuja na rubani msaidizi mrefu, mwenye mabega ya kupigia picha, amevaa sampuli toka kichwa hadi kiatu. Akasimama katikati ya chumba kama tangazo la benki. Hata katibu wa ofisi alikuja kuuliza kitu ambacho hakikuwa na haja ya kuulizwa. Bwana Ugavi alimzunguka kijana kama muuza magari.

"Shangazi, unasemaje?" aliuliza rubani mkuu.

Shangazi alimvua kijana koti. Akaigeuza kola, akaipapasa bitana, akauvuta mshono wa bega kwa vidole gumba viwili. Alichukua muda mrefu kiasi kwamba Bwana Ugavi alianza kutabasamu, akangoja vita aliyojiandaa nayo wiki nzima.

"Koti hili ni zuri," alisema Shangazi.

Bwana Ugavi akabaki na silaha zake mkononi.

"Zuri kuliko lako?" aliuliza rubani mkuu.

"Kwa mabega, ndiyo. Mimi bega la namna hii sijawahi kulipata. Wao wana mashine ya mvuke, mimi nina pasi na dua. Asiyekubali kushindwa si mshindani."

"Basi, tumeelewana." Bwana Ugavi alifunga katalogi.

"Koti tumeelewana. Tumebakiza shati, maana rubani akishakaa ndani ya ndege, koti analitundika. Baba, vuta kiti hicho, keti. Jifanye uko kazini."

Msaidizi akaketi. Rubani mkuu, aliyekwisha kukaa mara nyingi chini ya vile vishikio vya droo, aliegemea nyuma akafumba macho kidogo. "Pampu za mafuta," aliamuru.

"Zote sita, kapteni?"

"Zote. Kisha taa, kisha kiyoyozi."

Mkono ukapanda, ukashuka, ukapanda. Swichi ya nne, shati lilichomoka nyuma. Ya saba, likachomoka mbele, na kipande cha fulana kikaja kushuhudia. Ya kumi, kwapa lilitoa mlio mrefu, kraaa, na kijana akaganda na mkono juu kama anayeomba ruhusa ya kutoka.

"Endelea," alisema rubani mkuu. "Bado hatujawasha injini."

"Anaweza kuchomekea tena," alisema Bwana Ugavi.

"Wakati gani?" aliuliza rubani mkuu. "Kabla ya kutua, au baada?"

Uamuzi uliandikwa kabla ya saa sita mchana. Makoti na suruali zitoke kwenye katalogi, mashati yaendelee kushonwa, chumba kibaki. Wifi alipoambiwa, alishika kichwa. Nusu ya kazi imetolewa bure, kwa mdomo wa mwenye kazi! Mume wa Shangazi alifanya hesabu akakubaliana na wifi.

Baada ya wiki sita makoti yalifika, mazuri kama yalivyoahidiwa, na yote yakiwa na mikono ya mtu mmoja, mrefu, ambaye hakuwa ameajiriwa na shirika. Kufupisha mkono wa koti la kawaida ni kukunja tu. Koti la rubani lina cheo chake pale pale kwenye pindo: mistari minne ya dhahabu kwa kapteni, mitatu kwa msaidizi, imezunguka mkono mzima. Ukitaka kufupisha, fumua yote, kata, shona upya, kisha hakikisha mkono wa kulia umelingana na wa kushoto, kwa sababu kapteni anayeonekana kuwa na cheo kikubwa upande mmoja haleti utulivu kwa abiria. Makoti yalikuwa arobaini na matatu.

Bwana Ugavi aliyaleta mwenyewe, mzigo wa kwanza ukiwa umemfikia kidevuni.

"Shangazi," alisema. Hakuwa amewahi kumwita hivyo.

"Karibu, Bwana Ugavi."

"Mikono mirefu."

"Naona."

"Ulijua siku ile?"

"Niliulizwa kama ni zuri, nikasema ni zuri. Hakuna aliyeniuliza kama linamtosha mtu." Alichukua koti la juu, akalipima kwa macho. "Peke yangu nitamaliza mwakani. Nahitaji cherehani ya pili, na fundi wa kuikalia. Wifi yangu anaweza, ila anaongea."

Bwana Ugavi alipapasa mfukoni akatoa kalamu. Fomu ya maombi aliijazia juu ya rundo la makoti, kwa kuwa mezani hapakuwa na nafasi.